Vidonge Ishirini na Vinne vya Matabishi

Jambo lile zima lilinigharimu kilo moja ya sukari, kitenge kipya nilichokuwa nimekivaa mara moja tu, ngozi ya mguu wa kulia yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, siku sita za soko, na vidonge vinne. Nimehesabu mara mbili. Sukari nilinunua nyingine, ngozi imeota nyingine. Vidonge vinne havijarudi mpaka leo, na kwa ajili yake ndiyo nimekaa kuandika.

Wanaonijua Kasongo wananiita Mama Salima. Ninapanda na sabuni, chumvi na vitenge mpaka Salamabila kwa wachimbaji wa dhahabu, ninashuka na mchele na karanga. Sokoni sifa yangu ni moja: sinunui kitu bila matabishi. Ukinunua kopo la karanga, muuzaji anakuongezea kiganja juu ya kopo, na kile kiganja ndicho matabishi. Wengine wanakiomba. Mimi ninakidai, na nikishakipata ninadai cha pili kwa ajili ya watoto, ingawa watoto wangu wote wameoa na kuolewa.

Sukari na presha zilinijia pamoja, moja ikiwa kama matabishi ya nyingine. Nilianza kwa kiu. Mtungi wa nyumbani uliokuwa unatutosha siku mbili, mimi na mume wangu, ukawa hautoshi siku moja, na njia ya chooni nikaifanya ing'ae. Kisha mwili ukapungua. Kitenge nilichokuwa nakifunga kwa mzunguko mmoja na nusu kikaanza kunizunguka mara mbili, na wenzangu sokoni wakaniuliza nina madeni gani. Miguu nayo ikalala. Siku moja nilitembea kutoka msikitini hadi sokoni na ndala moja, na sikujua mpaka muuza mafuta ya mawese akaniuliza ile ya pili nimeiuza bei gani.

Kwenye kituo cha afya walinitoboa kidole, wakanifunga mkono kwa ile mashine inayobana, wakaniambia yote mawili. Nikapewa karne, kile kidaftari cha mgonjwa, vidonge vikubwa vya sukari viwili kwa siku, asubuhi na jioni, na kidogo cha presha kimoja. Nikauliza kama nikilipia miezi mitatu wanapunguza bei ya kila kidonge. Munganga akasema hapana. Kule kwetu munganga ni yule anayekutibu, awe daktari au enfirmiye, yaani muuguzi. Huyu wetu ni enfirmiye, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Sikumpenda siku ile.

Ile benchi ya kungojea ninaijua kuliko kitanda changu. Ilitengenezwa kwa watu watano, tunakaa tisa, na mtu wa mwisho anashikilia ukuta. Kila mmoja ana karne yake ndani ya mfuko wa plastiki na dawa zake ndani ya kitu kingine: kopo la maziwa, fundo la leso, boksi la viberiti. Na pale kwenye benchi, nitasema ukweli kwa sababu munganga ameniruhusu niuseme, kulikuwa na soko. Aliyeishiwa za presha anaomba kwa jirani na kulipa za sukari. Mwingine anakata kidonge kwa meno ili apate siku mbili. Mimi nilikuwa fundi. Siku nikijisikia vizuri niliruka kidonge, na jioni nilihesabu kile nilichookoa kwa furaha ileile ya kumshusha mtu bei. Sikuona kwamba mtu niliyekuwa nampunja ni mimi.

Kiangazi kikaisha, mvua za kwanza zikakata njia, na dawa zikakosekana kituoni. Munganga alituambia tungoje wiki moja au mbili. Mimi nilikuwa na safari ya Salamabila, nikasema nitanunua kule. Kule kwenye dhahabu hukosi kitu, ukiwa na kitu.

Muuzaji wangu alikuwa na meza barabarani, vidonge vimepangwa kwa rangi kama shanga. Nilichukua sitini vya sukari na thelathini vya presha, vilevile nilivyovizoea, navijua kwa sura. Tulivutana bei mpaka watu wakaanza kusimama kutazama. Tulipokubaliana nikabaki nimesimama.

"Nini tena, mama?"

"Matabishi."

"Mama, hii ni dawa."

"Na mimi niko mugonjwa. Nani anahitaji matabishi kuliko mugonjwa?"

Watu wakacheka, na aliyechekwa sokoni ameshashindwa. Akachukua kopo lingine, akanimiminia vidonge vyeupe vidogo, kumi. Akasema hivi navyo ni vya sukari, tena vikali kuliko vyangu. Nikamwambia kumi ni vya kumpa kuku. Akaongeza vitano. Nikaanza kurudisha mzigo wote mezani polepole, kimoja kimoja. Akaongeza tena, na tena, mpaka vikafika ishirini na vinne, akafunga plastiki na kuniomba niondoke na wazazi wangu wote. Niliondoka pale kama niliyeokota dhahabu. Vidonge ishirini na vinne, bure. Sikuuliza jina lake wala vinanywewa vipi. Kitu cha bure hukiulizi maswali.

Njiani nililala Wamaza kwa wifi yangu, Mama Yakini, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane, analima karanga na mpunga, presha anayo tangu zamani kabla mimi sijajua hata neno lenyewe. Asubuhi nilinunua mchele kwake. Wifi si mtu wa kuniachia hivihivi. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kubana pesa. Nikataka makopo mawili ya mchele juu ya mzigo, akakataa. Basi nikatoa ile plastiki.

"Wifi, hii ni dawa ya Salamabila. Nguvu yake iko kali. Nakupa kumi."

"Ya presha?"

"Ya sukari. Lakini presha na sukari ni ndugu."

Alivichukua, akavihesabu, akavifunga kwenye pindo la kitenge, akanipimia makopo mawili. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, niliyasema kwa mdomo huu, na sijawahi kuuza kitu kibaya zaidi kwa bei nzuri zaidi.

Nikafika Kasongo na vidonge kumi na vinne vya matabishi. Kesho yake asubuhi nikavianza. Vile vyangu vya kawaida niliendelea kunywa viwili kwa siku, safari hii bila kuruka, maana nilivinunua kwa jasho. Na hivi vidogo, kwa kuwa havikunigharimu kitu, nikanywa vitatu kwa siku. Siku ya kwanza nikatoka jasho nikidhani ni joto la mvua. Siku ya pili mikono ilitetemeka nikipima chumvi, na mteja mmoja akapata matabishi ambayo sikukusudia. Siku ya tatu nikameza kimoja alfajiri, nikaenda sokoni bila kula, kwa sababu mtu wa soko anakula akishauza. Adhuhuri maneno yakaanza kuniponyoka. Nilimwona mteja midomo inacheza, sauti haifiki. Wanasema nilimuuzia chumvi kwa bei ya kwanza aliyotaja. Hapo wenzangu wakajua kuna jambo, wakaniitia mume wangu.

Mume wangu, Papa Salima, ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alinibeba mpaka nyumbani. Jirani yetu mmoja akaja na chai ya maziwa, tamu, na wote wakamzuia. Huyu ana ugonjwa wa sukari, mnataka kumuua? Wakaimwaga. Mimi nimelala pale nanuka jasho kama nimetoka mtoni, na kitu kimoja nilichohitaji duniani kimemwagwa mlangoni kwa kunipenda. Papa Salima ndiye aliyesema sasa basi, twende kituoni. Walinipeleka kwa pikipiki, nimebanwa katikati ya watu wawili kama gunia.

Munganga alinitoboa kidole, akatazama kile kidude, akakitikisa, akanitoboa tena. Nilimpenda kwa hilo baadaye: na yeye anahesabu mara mbili. Kisha akaniwekea seromu ya sukari, ile chupa ya maji ya kwenye mshipa, na dunia ikarudi. Sijui niiseme vipi. Ilirudi kwa kasi, kama mtu amefungua madirisha yote kwa mkupuo: benchi, ukuta, miwani yenye uzi, uso wa Papa Salima ambao tangu tuoane sikuwa nimeuona umelowa. Nikaomba chakula. Nikala wali wa mgonjwa wa jirani, na kwa mara ya kwanza sikuuliza kama kuna wa kuongeza.

Wakanilaza mpaka kesho yake. Asubuhi munganga akavuta meza ndogo karibu na kitanda.

"Mama Salima, mwaga dawa zote hapa. Zote, hata zile unaficha."

Papa Salima alikuwa ameleta mkoba wangu. Nikamwaga. Vikatoka vikubwa vya sukari, vya presha, vipande vilivyokatwa kwa meno, vitatu vya njano ambavyo sikumbuki niliazima kwa nani, na ile plastiki. Akaishika kwa vidole viwili.

"Hii njo nini?"

"Njo matabishi."

"Ya nini?"

"Ya dawa."

Akavua miwani. Kisha akanieleza bila kufoka kwamba vile vidogo vinashusha sukari na havijui kusimama. Mtu hapewi mpaka apimwe, na akipewa lazima ale. Mimi nilivirundika juu ya vingine, tumbo tupu, mara tatu kwa siku. Akasema nina bahati. Nikaona aibu, lakini aibu ya kawaida, ya kuvumilika. Halafu akauliza vilikuwa vingapi.

Nikasema ishirini na vinne. Tukahesabu vilivyobaki: saba. Nilivyomeza: vitatu, vitatu na kimoja, saba. Saba na saba kumi na nne. Nikahesabu tena, ingawa nilishajua jibu, kwa sababu nilitaka hesabu ikatae.

"Munganga, mutu mwenye hana sukari akikunywa hii, anakuwa namna gani?"

"Anaanguka kama wewe. Na akiwa muzee, anaweza kukosa kuamuka. Juu ya nini?"

Papa Salima alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama yeye, si munganga. Nikasema, "Kumi ziko kwa dada yako."

Sijawahi kuona mtu mpole akitoka mbio namna ile. Alipiga simu, rezo, yaani mtandao, ya Wamaza hakuna. Akapiga kwa jirani wa dada yake, hakuna. Tangu nimpe wifi vile vidonge ilikuwa siku ya nne. Munganga alitaka nibaki kitandani, mimi nikawa tayari natafuta ndala. Nilimwambia wifi hatamsikiliza mtu yeyote kuhusu kitu alichokilipia makopo mawili ya mchele. Atadhani tunataka kumnyang'anya. Ni mimi tu ninayeweza kukirudisha. Akafikiri, akanilisha tena mbele ya macho yake, akanitoboa kidole, akakubali. Kisha akatupa maagizo: bebeni sukari. Akiwa anatoka jasho na kutetemeka, na anaweza kumeza, mpeni sukari kwanza, maswali baadaye, halafu kituoni moja kwa moja, na msimwache, maana dawa ile inarudi.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, Papa Salima mbele, mimi nyuma na kilo ya sukari mapajani. Motari wangu, yule mwenye pikipiki, alikuwa kijana wa pale mtaani, anajua habari zote.

"Mama, wewe wa sukari unabeba sukari?"

"Endesha."

"Na bei ya kwenda Wamaza tulisema ngapi?"

"Ile uliyosema."

Akageuka kunitazama, tukataka kuingia shimoni. Hakuna mtu Kasongo aliyewahi kupata jibu lile kwangu.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia imekuwa uji. Mahali pa kuteleza tulishuka tukasukuma, na moja ya mara hizo nilipopanda mguu wangu wa kulia ukakaa juu ya bomba la moshi. Ulikaa pale sijui muda gani. Mguu wangu ulikuwa umelala, nimeshasema, haukuniambia chochote. Ni motari aliyesema ananusa nyama. Nilitazama, nikaona ngozi imejikunja kama jani la mgomba motoni, na nikamwambia aendelee. Mpunga kando ya njia ulikuwa umesimama kijani, mzuri mno, na mimi nauhesabu kwa vishina ili nisihesabu kitu kingine.

Wifi tulimkuta jikoni kwake, amekaa chini, mgongo ukutani. Jasho lilimlowanisha mpaka kifuani. Majirani walikuwa pale, wamesema ni presha imepanda, wakamzuia kula chumvi, na kwa kuwa kila chakula kina chumvi, wakamzuia kula. Alinitazama bila kunijua. Nilijua yuko wapi. Nilikuwa nimetoka huko jana.

Nikavunja mfuko wa sukari kwa meno. Jirani mmoja akaanza kusema huyu ana presha, nikamwambia asogee. Nikakoroga kwenye kikombe cha maji, nzito kama asali, nikamshika kidevu. Kijiko cha kwanza kilimwagika. Cha pili alimeza. Papa Salima amepiga magoti upande wa pili akimwita kwa jina la utoto, jina ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote ya ndoa yetu. Kijiko cha kumi, cha kumi na moja. Mkono wake ukaacha kutetemeka. Macho yakatulia juu ya uso wangu, yakanitambua, na akakunja uso.

"Wifi," akasema, "umekuja kuchukua muchele yako?"

Nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake. Papa Salima akatoka nje.

Kituo cha Wamaza kina benchi fupi kuliko yetu. Tulikaa sisi watatu na kilo ya sukari iliyobaki robo. Walimwekea seromu na kumchunga siku mbili, kwa kuwa kweli ile dawa ilirudi, jioni ileile, na ikamkuta tumejiandaa. Enfirmiye wa pale alinifunga mguu kwa dawa ya njano, akiniuliza nilikuwa nawaza nini. Mama mmoja ambaye simjui alitupikia uji bila kuulizwa. Nilipomuuliza bei akakasirika.

Siku ya pili, wifi alipokaa vizuri, nikamwomba fundo la kitenge. Akalifungua. Vitatu. Nikamuuliza amemeza vingapi. Kimoja kila asubuhi, vitatu. Asubuhi ya nne alikuwa hajiwezi. Vitatu na vitatu sita. Nikahesabu tena.

"Wifi, nilikupa kumi."

Akatazama pembeni, na nilijua ule mtazamo, ni wangu. Alikuwa amenunua sufuria. Kwa mama mmoja wa Lusangi, apitaye na sufuria kichwani na kununua karanga. Yule mama alilalamika moyo unamdunda, na wifi, katika kuvutana bei ya sufuria, akamwongezea vidonge vinne.

Nilitaka kumgombeza. Nilimpa kitenge changu kipya badala yake, akakikagua pindo zote mbili kabla hajakipokea.

Mvua zile zimekwisha, kiangazi kimepita, mvua nyingine zimeanza. Mguu umepona, kwa kufungwa kila siku ya pili kwa miezi miwili na kwa kunywa dawa yangu kama ilivyoandikwa: asubuhi kikubwa kimoja na cha presha, jioni kikubwa kimoja, pamoja na chakula. Sukari imekaa chini vizuri, haipandi mlima wala haitumbukii shimoni, na presha yangu juzi munganga aliipima mara mbili akacheka. Sijui furaha ya namna hii niiite nini. Ninaamka nikiwa na mate mdomoni, natembea na ndala zote mbili, na najua zote mbili zipo. Kitenge kimerudi kuzunguka mara moja na nusu. Pale kwenye benchi soko limefungwa. Dawa zikikosekana tunamwambia munganga, hatuambiani sisi. Na kila mtu akija anamwaga mkoba mezani, wote, hata anachokificha. Desturi hiyo niliianzisha mimi, na mimi ndiye ninayehesabu.

Lusangi nimekwenda mara mbili. Wauza sufuria ni wengi, na kila mmoja ananiuliza kama nanunua. Wifi anakumbuka kitenge chenye miavuli, pengo la jino la juu, na sauti ya kukwaruza. Jina hakuuliza. Labda alivitupa. Labda viko kwenye pindo, vinangoja siku moyo utakapodunda.

Basi wewe mama wa Lusangi, au yeyote anayekujua na anayesomewa karatasi hii kwenye benchi yoyote kati ya Kasongo na Kabambare: vidonge vinne, vyeupe, vidogo, vina mstari katikati. Usivimeze, usimpe mtu. Nirudishie, au mpe munganga wa karibu anitumie habari. Taja bei unayotaka. Nitalipa ileile ya kwanza, sitapunguza hata faranka moja. Ila nakuomba sana, usiniongezee kitu juu.